Sweta Lenye Mikia Minne

Siku mashine ya kufumia ilipoletwa ilikuwa imefungwa utepe mwekundu kiunoni na kufunikwa plastiki kichwani, na walioileta walitoa onyo kali kwamba asiiguse mtu mwenye mkono wa mafuta. Wafumaji wakaiita Bwana Harusi. Utepe uliishia kufungia mfuko wa vifungo, plastiki ikawa kitambaa cha meza, lakini jina lilibaki. Ila sasa lilitamkwa kwa midomo iliyopinda.

"Bwana Harusi leo kaamkaje?" aliuliza Kasuku, mmoja wao, asubuhi ya siku ya thelathini, akitundika mkoba wake msumarini.

"Kaamka salama," Injinia alijibu bila kuinua macho kwenye skrini.

"Na mkia wake?"

Benchi zima likaangua kicheko. Injinia naye alitaka kununa, akashindwa, akacheka kwa pua. Ungefanyaje? Mkia ulikuwepo. Ulikuwa unaning'inia pale ukutani, kila mtu anauona.

Jina la Injinia alipewa na hao hao wafumaji, siku ya kwanza, kwa kejeli, alipochomeka waya kwenye soketi na taa za karakana nzima zikazimika. Alikuwa binti wa kaka wa mwenye karakana, ana stashahada yake ya kompyuta ndani ya bahasha ya kaki, na ulimi uliomtangulia kila alikokwenda. Ni ulimi huo uliomshawishi shangazi yake kuichukua mashine kwa majaribio ya siku thelathini. "Shangazi, wewe nipe mashine, mimi nitakupa sweta," alisema. "Sweta zima, bila mtu kulitia mkono, kutoka kitanzi cha kwanza mpaka cha mwisho."

"Bila mtu kulitia mkono?"

"Hata kidole."

Shangazi si mtu wa maneno mengi. Alichukua chaki akaandika ukutani, juu ya meza ya pasi: SWETA ZIMA. HATA KIDOLE. Chini yake akaandika tarehe ya siku ya thelathini. Siku hiyo, saa kumi jioni, wakala wa mashine angekuja na lori. Likiwepo sweta, mashine inabaki, na Injinia anabaki nayo. Lisipokuwepo, lori linaondoka na mashine, na Jumatatu Injinia anaanza kazi kwa mjomba wake anayeuza magodoro.

"Magodoro ni kazi ya heshima," mama yake alimwambia.

Ni kweli. Ila katika duka la magodoro kitu pekee kinachotaka akili ni kujizuia usisinzie.

Sasa, sweta lile lilikuwa na shida gani? Msikilizaji asiyewahi kushika sindano ya kufumia aelewe hivi. Sweta ni vipande vinne: kifua, mgongo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto; kuviunga ni kazi ya benchi, haikuwa kwenye ahadi. Kila kipande ni safu juu ya safu. Kila safu ni vitanzi, kimoja baada ya kingine. Basi programu ya Injinia ilikuwa na mizunguko mitatu, mmoja tumboni mwa mwingine, kama sufuria zinavyoingiana kabatini. Mzunguko mkubwa ulikwenda kipande kwa kipande. Ndani yake mzunguko wa kati ulikwenda safu kwa safu. Na ndani kabisa, mzunguko mdogo ulikwenda kitanzi kwa kitanzi, tiki tiki tiki, siku nzima.

Kufuma mashine ilijua. Ilichokuwa haijui ni kukoma.

Njia rahisi ingekuwa kuiambia: fuma safu mia mbili, kisha pumzika. Lakini Mama Sindano, mkubwa wa benchi, aliyefuma miaka mingi kuliko umri wa Injinia, alikataa katakata.

"Uzi una tabia zake, mwanangu. Wa mzigo huu mnene, wa mzigo ule mwembamba. Ukihesabu safu, mtoto huyu atapata sweta, na mwenzake atapata kizibao. Hapa kwetu tunapima, hatuhesabu."

Kwa hiyo Injinia alifunga fimbo nyembamba chini ya mashine, inayopanda na kushuka kufuata kipimo cha kila kipande. Kitambaa kinashuka taratibu. Kikiigusa fimbo, kipande kimetosha. Ndani kabisa, kwenye ule mzunguko mdogo, akaandika: kila baada ya kitanzi, itazame fimbo, ikiguswa, toka. Na kwa tahadhari, akauwekea mzunguko wa kati kikomo cha safu mia tisa, kikomo ambacho alijua hakitafikiwa kamwe.

Kilifikiwa siku ile ile.

Fimbo iliguswa, na mashine ikatoka. Ilitoka wapi? Ilitoka kwenye safu. Ikaanza safu nyingine. Ikafuma kitanzi kimoja, ikaitazama fimbo, ikaona imeguswa, ikatoka. Ikaanza safu nyingine. Kitanzi kimoja, toka. Kitanzi kimoja, toka. Vitanzi vingine vyote vilikaa kwenye sindano vikingoja zamu isiyokuja, huku pembeni kitanzi kimoja kikizaa kimoja, kikizaa kimoja, mpaka kwenye ukingo wa kifua ukaota mkia mwembamba wa kijani, mrefu kuliko Injinia mwenyewe. Mgongo nao ukaota wake. Mikono nayo. Mama Sindano alipoviunga vile vipande kwa mzaha na kulinyanyua lile sweta la mikia minne, Kasuku alianguka kutoka kwenye benchi, na hiyo si tamathali ya usemi. Alianguka, akateguka kidole gumba.

Wakalitundika ukutani kama mjusi, chini ya maandishi ya chaki.

Mara ya pili Injinia alisema, kama hutaki kutoka vizuri, basi simama kabisa. Akaweka amri ya kuzima kila kitu. Mashine ikafuma kifua, ikagusa fimbo, ikazima, ikalala usingizi wa pono. "Hii ni aproni," shangazi alisema, akaondoka.

Mara ya tatu alikumbuka alichofundishwa chuoni. Lugha aliyosomea haikuwa na njia ya kuruka mizunguko miwili kwa mpigo, na mwalimu wake aliwafundisha kutumia kibendera, alama ndogo katika kumbukumbu ya programu. Fimbo ikiguswa, unapandisha kibendera. Mzunguko wa kati, kabla ya kuanza safu nyingine, unakiangalia: kimepanda? Basi na mimi natoka. Injinia alikiweka. Mashine ikafuma kifua safi, kisicho na mkia, ikakifunga ukingo, ikakidondosha kikapuni. Wafumaji wakapiga makofi. Kisha, kwa muda wa kupepesa jicho, skrini ikaandika: MGONGO TAYARI. MKONO WA KULIA TAYARI. MKONO WA KUSHOTO TAYARI. KAZI IMEKAMILIKA.

Kikapuni mlikuwa na kifua peke yake.

"Ile iliyolala ilikuwa mvivu," Mama Sindano alitamka hukumu. "Hii ni mwongo. Heri mvivu."

Hakuna aliyekishusha kile kibendera. Kilipandishwa kwenye kifua, kikabaki juu, na kila kipande kilichofuata kilikikuta kinapepea kikasema, aa, kumbe mimi nimeshakwisha. Hiyo ilikuwa jana. Na asubuhi hii ya siku ya thelathini, macho mazito na moyo juu juu, Injinia aliweka amri ya kukishusha, akabonyeza, akakaa kusubiri.

Saa tano kamili Kasuku alisimamisha sindano zake, akatega sikio. Sauti ya mashine ilikuwa imebadilika. Badala ya tiki tiki tiki, ilikuwa inasema tiki. Tiki. Tiki.

"Jamani," Kasuku alisema kwa upole uliouma kuliko mzaha, "mkia umerudi."

Alikishusha mahali pasipo. Badala ya kukishusha kila kipande kinapoanza, alikishusha kila safu inapoanza, kabla hakijatazamwa, na kazi ikarudi kule kule kwa mjusi. Injinia aliizima, akainamisha paji la uso juu ya chuma baridi. Kulikuwa na vibendera vingine pia, cha uzi kukatika, cha rangi kubadilika, na kila alipogusa kimoja, kingine kilimponyoka. Alijua kila kimoja kwa nini kipo. Vyote kwa pamoja hakuvijua tena. Harufu ya magodoro mapya, ile ya mpira na plastiki, ilimjia puani bila kuitwa.

Wakala alifika saa nane.

"Si tulisema saa kumi?" shangazi aliuliza.

"Tulisema, mama. Ila dereva ana safari nyingine, nikaona nije mapema nitayarishe njia." Alikuwa mwanamume mpole mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitovu, na alionekana kuyaonea haya makaratasi aliyoyashika. Alipima mlango kwa macho, akapima mashine, akaona haipiti bila benchi kusogezwa. Akapiga makofi mawili. "Haya jamani, acheni!"

Hakuna aliyeacha. Jozi sita za sindano ziliendelea kugongana.

Wakala akadhani hakusikika. "Nasema acheni!"

"Tumesikia, baba," Mama Sindano alijibu bila kuinua kichwa. "Tuache nini?"

"Mnachofanya."

"Tunafanya mengi. Kipande, sweta, au benchi?"

Wakala aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia msiba wa wengine. Kasuku akamwonea huruma.

"Kaka yangu, hapa kwetu hatuachi tu. Unataja kinachoachwa. Mama Sindano akisema 'Kipande!', unaacha kipande ulichoshika, unaanza kingine. Akisema 'Sweta!', unaliweka sweta zima, unachukua jingine. Akisema 'Benchi!', hapo sasa kila mtu anainuka, twende tukale."

"Na mkisema 'acheni' tu?"

"Tulisema mara moja," alisema Mama Sindano. "Birika liliwaka moto pale kwenye jiko, nikapiga yowe: Acheni! Huyu hapa akaziachia sindano katikati ya safu, vitanzi arobaini vikafumuka. Yule akamalizia safu yake kwanza. Kasuku akamalizia sweta lote, na kola, ndipo akaja kuniuliza, 'Ulikuwa unasemaje, mama?' Birika limeshakuwa mkaa."

"Na mmoja alikwenda nyumbani," Kasuku aliongeza. "Akarudi Jumatano."

Benchi likacheka, wakala akacheka, hata shangazi alificha mdomo kwa kiganja. Injinia hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye chuma, na alama ya nembo ya mashine imemchapika kwenye paji la uso. Kwa mwezi mzima alikuwa amesikia maneno hayo. Kipande. Sweta. Benchi. Aliyasikia kama mtu anavyosikia mvua. Yeye mwenyewe alikuwa akiinuka kwenda kula likiitwa benchi. Na mwezi mzima, kwenye programu yake, alikuwa akipiga yowe: Toka! Toka! Kama yule mama na birika. Toka wapi? Mashine maskini ya Mungu ilifanya ambacho mtu yeyote angefanya akiambiwa hivyo: iliacha kilichokuwa karibu na mkono wake.

"Kitabu!" alisema.

"Kitabu gani?"

"Cha mashine! Kile kinene! Kiko wapi?"

Kilikuwa chini ya mguu wa meza ya pasi, kikiuzuia usiyumbe, tangu wiki ya kwanza. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeinua meza. Injinia alikichomoa, akapiga magoti palepale sakafuni, akaanza kupekua. Lugha ya chuoni haikuwa na jambo hilo. Lakini nani aliyesema lugha ya mashine hii ni ile ya chuoni? Alichukulia tu, mwezi mzima, kwa kuwa zinafanana sura, kama mtu anayemsalimia pacha asiye wake. Ukurasa wa mia mbili na kitu, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa, akaukuta: mzunguko wowote unaweza kupewa jina. Andika jina, kisha nukta mbili, kisha mzunguko. Na amri ya kutoka inaweza kutajiwa jina hilo, popote ilipo, hata tumboni mwa mizunguko mingine.

Alipiga ukelele uliomfanya wakala aangushe makaratasi.

"Bwana Wakala, saa ngapi?"

"Saa nane na... karibu na nusu."

"Saa kumi ni saa kumi?"

Wakala alimtazama shangazi. Shangazi aliutazama ukuta wenye chaki. "Saa kumi ni saa kumi," alisema, akamvutia mgeni kiti.

Injinia alikaa mbele ya skrini. Kwanza alivifuta vibendera vyote, kimoja kimoja, na kila alichokifuta alihisi kama anavua kiatu kinachobana. Mzunguko wa safu, ule wa kati, akaupa jina: KIPANDE. Mzunguko mkubwa akauita SWETA. Na kule ndani kabisa, kwenye kitanzi, pale palipokuwa na ile amri ya mwezi mzima, akaongeza neno moja. Fimbo ikiguswa, toka KIPANDE.

Kwa uzi uliokatika aliandika: toka SWETA. Alitabasamu mwenyewe. Benchi hakuliweka. Benchi aliliacha kwa wenye benchi.

Saa tisa kasoro dakika tano akabonyeza, akanyanyua mikono yote miwili juu, kama aliyekamatwa, ili kila mtu aone kwamba hata kidole hakitagusa.

Tiki tiki tiki.

Kifua kilishuka, kijani, kipana, taratibu. Sindano za benchi zilipungua mwendo bila mtu kuamuru. Kitambaa kikaikaribia fimbo. Kikaigusa. Mashine ikanyamaza, na katika kimya kile Injinia alisikia tumbo la wakala likinguruma. Kisha ukingo ukafungwa, kipande kikadondoka kikapuni, pa! Na mara: tiki tiki tiki, tena kwa upana wote. Mgongo umeanza.

"Hana mkia," Kasuku alinong'ona.

"Nyamaza, utamkumbusha," alisema Mama Sindano.

Mgongo ukadondoka. Mkono wa kulia ukaanza. Dereva wa lori alipiga honi nje, wakala akatoka kwenda kumtuliza, akarudi mbio kama mtu aliyeacha mpira uwanjani. Mkono wa kulia ukadondoka. Saa kumi kasoro robo. Hapa ndipo Injinia alipogundua kwamba mikono yake bado iko juu na imekufa ganzi. Kasuku akaja kuishusha, mmoja baada ya mwingine, kama anavyoshusha nguo kwenye kamba.

Mkono wa kushoto uliigusa fimbo saa kumi kasoro dakika nne. Mashine ikafunga ukingo. Kikadondoka kipande cha nne. Skrini ikaandika KAZI IMEKAMILIKA, na safari hii hakuna aliyeiamini mpaka Mama Sindano alipoinuka, akaenda kikapuni, akahesabu kwa sauti: "Kifua. Mgongo. Kulia. Kushoto." Akaipima mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Ilikuwa sawasawa. Akaivuta, akainusa, akaitazama dhidi ya dirisha, akatafuta kosa kama mama mkwe anavyotafuta vumbi.

"Shingo yake mbaya," alisema mwishowe. "Lakini mkweli."

Vifijo vilivyofuata viliwafanya watu wa barabarani wasimame dirishani. Kasuku alimbeba Injinia akamzungusha mpaka akagonga gunia la uzi, likapasuka, uzi ukamwagika karakana nzima. Shangazi alichukua kitambaa, akaenda ukutani, akafuta SWETA ZIMA, akafuta HATA KIDOLE, akafuta na tarehe. Kisha alimgeukia binti wa kaka yake, macho yanang'aa, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, maana mwito huo si wake, ni wa Mama Sindano:

"Benchi!"

Wote wakainuka. Na wakala akainuka.

Alitia sahihi makaratasi kwenye meza ya pasi, iliyokuwa inayumba sasa kwa kukosa kitabu. Alipokuwa anaaga, alisitasita mlangoni, akaonyesha ukutani kwa kidole. "Na lile... mna mpango nalo?"

"Lile la mikia?" shangazi alishangaa.

"Nina binti wa miaka saba, mama. Leo asubuhi alikuwa analia, hataki kuvaa sweta."

Wakalishusha, wakamkunjia, mikia na yote. Lori likaondoka tupu, na wakala kiti cha mbele, amekumbatia mjusi wa kijani.

Jumatatu, siku ambayo Injinia angekuwa mlangoni kwa mjomba akiwakaribisha watu kwenye magodoro, simu ya karakana ililia kabla chai ya saa kumi haijachemka. Shangazi aliisikiliza kwa muda mrefu, akasema "ee" mara nne na "minne?" mara moja. Akakata.

"Wakala," alisema. "Binti yake hajalivua tangu Ijumaa. Kalala nalo. Shuleni watoto wamepanga mstari kuvuta mikia. Wazazi wa darasa zima wanaulizia." Alikohoa. "Wanataka ishirini na sita. Na mikia lazima iwe minne, mwalimu kasema asipendelewe mtu."

Benchi likamgeukia Injinia. Mama Sindano aliziweka chini sindano zake, jambo ambalo hufanya kwa nadra.

"Haya, mwanangu. Mwezi mzima umehangaika kuukata. Unajua kuurudisha?"

Injinia alivuta kiti. Alifungua programu, akashuka mstari kwa mstari mpaka kule ndani kabisa, kwenye kitanzi, akafuta neno moja.